Sekunde Kumi na Moja

*Ukipita kwa Koya nichukulie ndimu,
si zile kavu. Mbichi. Mbichi, umesikia?*

Nyuma yake birika linaanza kulia
na kiyoyozi cha nyumba ya Mabela kinakohoa.
Niliupokea Jumanne. Sikwenda kwa Koya.
Nilikuwa na hesabu za vigae, na foleni ya Mawaleh,
na ndimu, nilijiambia, si jambo la haraka.
Alhamisi tulimzika.

Arubaini ilipopita nikaufungua garini.
Mara ya kwanza ulikuwa agizo:
mkono wangu ukatafuta mkoba.
Mara ya tatu nikajibu.
Mara ya saba simu ikakwama, ikawa inajirudia yenyewe
toka daraja la Khoudh hadi Burji Sahwa,
na hapo, sijui mzunguko wa ngapi,
maneno yakapukutika.

Hakikubadilika kitu. Sauti ileile, pumzi ileile
aliyoivuta kabla ya kunigombeza.
Lakini *si zile kavu* ikawa ngazi tatu za kushuka,
*mbichi* ya kwanza ikagonga, ya pili ikaitika,
na *umesikia* ikapanda, ikabaki juu
kama mguu usiokuta kidato.
Vidole vyangu vikapiga usukani.
Nikaona haya. Mama yangu nimemfanya ngoma.

Muhannad, mtoto wa Rayya, anasomea ubongo chuo kikuu.
Alinichorea juu ya karatasi ya halwa,
kalamu ikiteleza kwenye samli:
"Sikio halikosei, khalti. Neno likija, akili inalimenya,
inachukua kokwa, ganda inalitupa.
Likija lilelile, na lilelile tena, kokwa imekwisha liwa.
Basi inaokota ganda, inaanza kulitazama."
Akachora vyumba viwili, na mlango katikati,
kisha akaufuta mlango kwa kidole.
Walimu wake, alisema, bado wanabishana.

Nikaenda kwa Koya, nimechelewa miezi miwili.
Kiswahili hajui hata salamu.
Miaka kumi na minane mama aliliegemea jokofu lake
akitugombeza kwa simu, mmoja mmoja,
naye akipanga mikebe, akisikiliza asichokielewa.
Nilipompa habari, kwa Kiarabu chetu cha kaunta,
alinyamaza. Akafuta mizani iliyokuwa safi.
Kisha akaguna, puani, midomo imefumba:
ngazi tatu chini, gonga, itika, juu.

Simu yangu hajawahi kuisikia.
Ni kwamba mama alimaliza hivyo kila siku, na sisi,
tulioshughulika na maana, hatukujua.
Akanipimia kilo moja, mbichi, akaikataa pesa.

Sasa nina ndimu ndani ya friji
na wimbo ambao sikuuomba.
Jumbe zake nyingine bado zinasema:
mtungi wa gesi, jina la daktari, dua ya safari.
Huu mmoja tu umevuka, na haurudi.
Nimeuacha wiki, nimeuacha mwezi mzima.
Nikiubonyeza, unaimba.
Najaribu kuusikia kama mtu anayetumwa dukani.
Siwezi. Ndimu hazimo tena.

Jana Rayya alikuja kutoka Sohar.
Yeye hakuwa ameusikia.
Alikuwa mlangoni, anavua baibui, pini midomoni,
nami sikumwambia kitu, nikaubonyeza.

*Mbichi, umesikia?*

"Nimesikia, mama," akasema Rayya kupitia pini,
na mkono wake ulikuwa tayari
umezirudia funguo za gari.

Nikauzima
kabla haujafika mara ya pili.